Henning Fritz: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu golikipa wa Ujerumani aliyekuwa bora duniani

Wanaofuatilia mpira wa mikono wanalijua jina hili. Wengine hukutana nalo wanapotazama marudio ya fainali ya Kombe la Dunia la 2007, wakamwona mlinda mlango anatolewa uwanjani akichechemea huku ukumbi mzima ukimpigia makofi, kisha wanaanza kuuliza. Majibu yako hapa chini. Unaweza kuruka moja kwa moja hadi swali lako. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Ya msingi

Henning Fritz ni nani?

Ni golikipa wa zamani wa mpira wa mikono kutoka Ujerumani, aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 1974 mjini Magdeburg. Alidakia klabu tatu kubwa, SC Magdeburg, THW Kiel na Rhein-Neckar Löwen, na akaichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 200. Alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2004 na bingwa wa dunia mwaka 2007. Kati ya mataji hayo mawili alichaguliwa mchezaji bora wa dunia, kisha akaporomoka hadi kuwa kipa wa tatu kwenye klabu yake mwenyewe.

Huo mporomoko, na namna alivyoinuka, ndio unaofanya watu waendelee kumuuliza. Mataji peke yake wengi wanayo.

Magdeburg ilikuwa Ujerumani ipi wakati anakua?

Mashariki. Mji huo ulikuwa ndani ya dola ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, na Fritz alikuwa na miaka 15 Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989. Kwa hiyo msingi wake ni wa mfumo wa Mashariki, ambako watoto wenye vipaji walitafutwa mapema na kulelewa kwenye klabu kubwa za michezo, lakini maisha yake yote ya kulipwa yalikuwa ndani ya Ujerumani moja.

Magdeburg ni mji wa mpira wa mikono hasa. SC Magdeburg ilikuwa imetwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1978 na 1981, na golini alisimama Wieland Schmidt, yule aliyeisaidia Ujerumani Mashariki kuifunga Umoja wa Kisovieti 23–22 katika fainali ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kijana anayetaka kuwa kipa katika mji huo hakuhitaji kutafuta mfano wa mbali.

Kazi ya golikipa wa mpira wa mikono ina tofauti gani na ya kipa wa soka?

Karibu kila kitu. Goli ni dogo, upana mita 3 na urefu mita 2, lakini mpigaji anarusha kutoka mita 6 au 9, na akiwa ameruka ndani ya eneo anaweza kuachia mpira akiwa mbele yako kabisa. Mpira wa wanaume una uzito wa gramu 425 hadi 475 na mara nyingi unakuja kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Ukisubiri kuuona unakoelekea, umeshaingia. Kipa anasoma bega, kiwiko na mguu wa kurukia wa mpigaji, anafanya uamuzi, kisha anautupa mwili wote.

Hatumii glovu. Havai pedi za kujikinga kama kipa wa magongo. Anavaa suruali ndefu na fulana, basi. Ndani ya eneo lake la mita 6 anaruhusiwa kuzuia kwa sehemu yoyote ya mwili, hata kwa nyayo, ndiyo maana utaona miguu inapaa hadi kwenye pembe ya juu ya goli. Akiugusa ukatoka nje nyuma ya mstari wa goli, hakuna kona. Mpira ni wake, na hapo hapo anaweza kuanzisha shambulizi la kushtukiza kwa pasi moja ndefu.

Kisha kuna jambo ambalo mtazamaji wa soka hulizoea kwa shida: kipa bora kabisa anafungwa mabao 25 na anatoka uwanjani shujaa. Akiokoa thuluthi moja ya mipira iliyolenga goli amefanya kazi nzuri. Akifika asilimia 40, timu yake kwa kawaida inashinda. Yaani ni kazi ya kushindwa mara nyingi kuliko kufaulu, kila usiku, mbele ya watu elfu kumi. Likumbuke hili utakapofika kwenye swali la uchovu.

Fritz alikuwa kipa wa aina gani?

Wa moto. Kuna makipa wanaookoa na kurudi kwenye nafasi yao kama vile hakuna kilichotokea. Fritz akiokoa alikaza ngumi, akapiga kelele, akawageukia mabeki wake, na ukumbi ukafuata. Alikuwa mwepesi wa miguu, lakini silaha yake kubwa kwa maoni yangu ilikuwa ule mwako: mpigaji aliyeokolewa mara mbili mfululizo na Fritz alianza kufikiria mara ya tatu badala ya kurusha.

Ubaya wake ni kwamba moto huo unahitaji kuni.

## Klabu zake

Alifanya nini Magdeburg?

Alitwaa Kombe la Ujerumani mwaka 1996, Kombe la EHF (Shirikisho la Mpira wa Mikono la Ulaya) mwaka 1999 na tena 2001, na juu ya yote ubingwa wa Bundesliga mwaka 2001. Huo wa mwisho una uzito wake: Magdeburg ilikuwa klabu ya kwanza kutoka Mashariki kuwa bingwa wa ligi ya Ujerumani iliyoungana. Kocha alikuwa Alfreð Gíslason wa Iceland, na kikosini walikuwamo Stefan Kretzschmar, Ólafur Stefánsson na Mfaransa Joël Abati.

Baada ya taji hilo Fritz aliondoka. Mwaka uliofuata, 2002, Magdeburg ikawa timu ya kwanza ya Ujerumani kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Bila yeye.

Kwa nini alikwenda Kiel?

Sababu zake binafsi ni zake, ila kwa kipa wa umri wa miaka 26 aliyekwisha kuwa bingwa nyumbani, hakukuwa na mahali pakubwa zaidi. THW Kiel ndiyo klabu yenye mataji mengi zaidi Ujerumani, na wakati ule ilikuwa chini ya Noka Serdarušić, kocha mkali aliyedumu pale tangu 1993 hadi 2008. Fritz alipata ubingwa wa Bundesliga mwaka 2002, 2005 na 2006, pamoja na Kombe la EHF mwaka 2002 na 2004.

Ikawaje mchezaji bora wa dunia akakosa namba Kiel?

Mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kiwango chake kushuka baada ya 2004, jambo lililo na jibu lake refu zaidi kwenye sehemu ya mwisho. La pili ni kwamba mwaka 2006 Kiel ilimsajili Thierry Omeyer kutoka Montpellier. Huyo Mfaransa wengi humhesabu kuwa kipa bora kuliko wote waliowahi kucheza, nami sina hoja ya kuwapinga. Tayari alikuwapo Mattias Andersson wa Sweden, ambaye naye alikuwa kipa wa daraja la juu. Kikosi kikawa na makipa watatu wa kimataifa, na wa tatu akawa Fritz.

Mshambuliaji akiwa wa tatu huingia dakika za mwisho, hubadilishwa nafasi, hupata walau kipande cha mechi. Kipa wa tatu huvaa fulana ya mazoezi na kukaa jukwaani.

Na Rhein-Neckar Löwen?

Alijiunga mwaka 2007, klabu ilipokuwa inaachana na jina la Kronau/Östringen na kuchukua jina hili jipya. Akakaa hadi alipostaafu mwaka 2012. Mwaka 2008 walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya wakashindwa na Veszprém ya Hungaria.

Kinachovutia hapa ni mwenzake golini: Sławomir Szmal, kipa wa Poland, yule yule aliyesimama upande wa pili katika fainali ya dunia miezi michache kabla. Mwaka 2009 Szmal naye alichaguliwa mchezaji bora wa dunia. Yaani klabu ambayo bado haikuwa na taji la ligi ilikuwa na makipa wawili wenye tuzo hiyo.

## Timu ya taifa

Alipata medali gani akiwa na Ujerumani?

Fedha ya Ulaya 2002, fedha ya dunia 2003, dhahabu ya Ulaya 2004, fedha ya Olimpiki 2004 na dhahabu ya dunia 2007.

Zitazame hizo nne za mwanzo: fainali nne ndani ya miezi thelathini na kidogo. Ile ya 2002 Stockholm walifungwa na Sweden 33–31 katika dakika za nyongeza, baada ya bao la Florian Kehrmann sekunde za mwisho za muda wa kawaida kukataliwa. Ya 2003 Lisbon, Croatia 34–31. Ndipo wakafika Slovenia Januari 2004.

Nini kilitokea Slovenia 2004?

Ujerumani ilianza vibaya mashindano, ikaimarika mechi baada ya mechi. Nusu fainali waliifunga Denmark 22–20, na hesabu hiyo inajieleza: Denmark kufunga mabao 20 tu katika dakika 60 maana yake ukuta na kipa walifanya kazi pamoja. Fainali ilichezwa Ljubljana dhidi ya wenyeji, mbele ya watu wao, ikaisha 30–25. Lilikuwa taji la kwanza la Ulaya kwa Ujerumani katika mchezo huu.

Mechi ya Athens dhidi ya Uhispania inasifiwa kwa nini?

Robo fainali ya Olimpiki, Agosti 2004. Muda wa kawaida ulikwisha bila mshindi, nyongeza ya kwanza ikaisha bila mshindi, ya pili vivyo hivyo. Ikabaki penalti za mita 7.

Katika penalti ya mpira wa mikono mpigaji anatakiwa kuwa na uhakika karibu wote. Kipa anaruhusiwa kusogea mbele hadi mstari wa mita 4 ili kupunguza pembe, lakini mpigaji ana hila nyingi: kupinda, kudundisha, kuuchopa juu ya kichwa cha kipa. Fritz siku ile aliwazima. Ujerumani ikapita 32–30, na Wajerumani waliokuwa macho usiku huo bado wanaisimulia. Kama una nafasi ya kutazama mechi yake moja tu, usichukue fainali ya 2007, chukua hii.

Fainali walikutana tena na Croatia na kushindwa tena, 26–24.

Ni kweli alikuwa golikipa wa kwanza kuchaguliwa mchezaji bora wa dunia?

Kwa wanaume, ndiyo. Tuzo ya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono ilianza mwaka 1988, na hadi Fritz alipoipata ya 2004 ilikuwa imekwenda kwa wafungaji na watengenezaji wa mashambulizi tu. Kwa wanawake, kipa wa Norway Cecilie Leganger alikwisha kuitwaa ya 2001, kwa hiyo anayesema „wa kwanza kabisa“ anakosea.

Mlango ulipofunguka, wengine walipita haraka: Árpád Sterbik 2005, Omeyer 2008, Szmal 2009, na baadaye Niklas Landin wa Denmark.

Ilikuwaje kocha wa taifa Heiner Brand akamwita kikosini kipa asiyecheza kwenye klabu?

Hili ndilo lililowagawa Wajerumani Januari 2007. Kombe la Dunia lilikuwa nyumbani kwao, tiketi zilikuwa zinagombaniwa, na kocha akamchagua mtu wa tatu kwenye orodha ya Kiel. Brand alikuwa bingwa wa dunia kama mchezaji mwaka 1978 na aliijua timu hii tangu enzi za zile fainali nne. Aliamini kwamba Fritz akiwa na mechi kubwa mbele yake hugeuka mtu mwingine.

Dau hilo lingeweza kumgharimu kazi, tena mapema: hatua ya makundi Ujerumani ilifungwa na Poland 27–25. Baada ya hapo hawakufungwa tena. Fritz akawa kipa namba moja wa timu, na mashindano yalipokwisha alitajwa golikipa bora kwenye kikosi cha nyota.

Nusu fainali ya 2007 dhidi ya Ufaransa ilikuwa na utata gani?

Ilikwenda nyongeza mbili na kuisha 32–31. Sekunde za mwisho Michaël Guigou wa Ufaransa alifunga bao ambalo lingesawazisha, lakini waamuzi kutoka Sweden hawakulikubali. Wafaransa walikasirika sana, na ukitazama marudio utaelewa hasira yao. Wajerumani waliokumbuka bao la Kehrmann (tazama swali la medali) hawakuwa na huruma nyingi.

Jambo ambalo halisemwi sana: golini upande wa Ufaransa alikuwa Omeyer. Mtu aliyemketisha Fritz jukwaani kule Kiel alikuwa anamtazama kutoka mita 40, na usiku ule kipa wa tatu alimshinda kipa wa kwanza. Siku chache baadaye wote wawili walikuwa watumishi wa mwajiri mmoja tena.

Kwa nini hakumaliza fainali?

Alijeruhiwa kigimbi. Fainali ilikuwa tarehe 4 Februari 2007 katika ukumbi wa Kölnarena mjini Cologne, mbele ya watazamaji takriban 19,000, dhidi ya Poland ile ile. Ujerumani ilikuwa mbele, Fritz akiwa katika kiwango kizuri, ndipo mguu ukagoma baada ya mapumziko. Akaingia Johannes Bitter.

Poland ikapunguza pengo na ukumbi ukaanza kunyamaza, lakini Bitter akaokoa mipira iliyohitajika na mechi ikaisha 29–24. Bitter wakati huo alikuwa kipa wa klabu gani? SC Magdeburg. Kipa aliyetoka Magdeburg alipokewa na kipa wa Magdeburg.

Na kwenye benchi la Poland alikuwa kocha Bogdan Wenta, ambaye enzi zake za uchezaji aliwahi kuvaa jezi ya Ujerumani. Mchezo huu ni mdogo. Watu wake wanakutana kila kona.

Yale masharubu ya bandia yalikuwa ya nini?

Heshima kwa Brand, ambaye masharubu yake manene yanajulikana kuliko uso wake. Wachezaji waliyabandika wakati wa kushangilia kombe. Mzaha tu.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli aliugua uchovu wa akili?

Mwenyewe amelizungumza hadharani baada ya kuacha kucheza. Alieleza kwamba baada ya mafanikio ya 2004 aliishiwa nguvu, mwili na akili, na hali hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya kushuka kwa kiwango ambako watazamaji waliona kwa nje tu. Tangu hapo amekuwa akizungumza na watu wengine, wakiwamo wa kazi za ofisini, kuhusu msongo na namna ya kujilinda nao.

Ratiba inasaidia kuelewa. Bundesliga ya timu 18 ina mechi 34, na kila moja ni vita. Ongeza Kombe la Ujerumani, ongeza mashindano ya Ulaya. Kila Januari, wakati wachezaji wa michezo mingine wanapumzika, kuna Kombe la Dunia au la Ulaya, ambako unacheza mechi nane au zaidi ndani ya wiki mbili na ushei. Mwaka 2004 kulikuwa na Olimpiki juu yake. Halafu rudia jibu la kazi ya golikipa, lile la kufungwa mabao 25 na kurudi kesho yake.

Kuna wanaosema alikuwa dhaifu wa moyo. Mimi naona kinyume: alikaa golini miaka mitano ya mwisho Rhein-Neckar Löwen akijua hali ile inafananaje, na hakuacha hadi miaka 37. Miaka ya 2000 mchezaji wa kiume wa Ujerumani kusema „nimechoka kichwani“ halikuwa jambo la kawaida. Klabu zilikuwa na daktari wa goti, si wa akili.

Ni yeye aliye bora katika makipa wote wa Ujerumani?

Ubishi huu hauna mwisho na majina ni yale yale. Wa Mashariki watakutajia Wieland Schmidt na dhahabu yake ya Moscow. Wa Magharibi watamtaja Andreas Thiel wa Gummersbach, aliyeitwa „Mchawi“. Vijana wanamtaja Andreas Wolff, aliyeizima Uhispania 24–17 katika fainali ya Ulaya mwaka 2016 mjini Kraków na kupata fedha ya Olimpiki Paris 2024.

Kwa urefu wa muda katika kiwango cha juu, Wolff amempita Fritz. Hilo nalisema bila kusita. Kwa kilele, kuanzia Januari hadi Agosti 2004, sioni Mjerumani aliyewahi kufika pale.

Angeweza kucheza na sheria za leo?

Angelazimika kujifunza jambo moja hasa. Tangu 2016 timu inaweza kumtoa kipa na kuingiza mchezaji wa saba wa mbele bila yule mchezaji kuvaa kizibao cha rangi ya kipa, kwa hiyo siku hizi kipa hukimbia benchi na kurudi mara nyingi kwa mechi, na hurusha mipira kuelekea goli tupu la wapinzani. Kwa mtu aliyeishi kwa msisimko wa mfululizo kama Fritz, kukatizwa hivyo kungemuudhi.

Upande mwingine angefurahi. Tangu 2022 mpigaji aliye huru akimpiga kipa kichwani kwa mpira anatolewa dakika 2. Makipa wa kizazi chake walipigwa usoni, wakapepesuka, wakaambiwa waendelee.